Fungu Lenye Mama

Fundi alikufa na misumari mdomoni. Ndivyo wafanyavyo washonaji wa makochi: hujaza misumari midogo kinywani, na kuisogeza kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo, ili mkono mmoja ubaki na nyundo na wa pili uvute kitambaa. Moyo ulimsimama akiwa ameinamia kochi lililokuwa limevishwa upande mmoja tu. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akikata sponji upande wa pili wa karakana, alidhani baba yake amejilaza kupumzisha mgongo. Alipomgeuza ndipo alipojua. Kabla hajapiga yowe, kabla hajaita mtu, alimfungua kinywa akaitoa misumari yote kwa kidole, maana hakutaka watu wamkute baba yake na chuma mdomoni.

Binti huyo kila mtu alimwita Dada, hata wateja wenye mvi. Alikuwa ameolewa zamani, ndoa fupi kama shati la kuazima, akarudi nyumbani na kuingia karakanani siku hiyohiyo. Tangu hapo hakutoka. Alijua kutandika springi, kupima sponji kwa kiganja, kuficha mshono mahali ambapo hata aliyeushona angeutafuta. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na gundi iliyoingia chini ya kucha haikutoka kwa sabuni yoyote. Mtu angemwambia kwamba maisha yake yote yamepita ndani ya vumbi la pamba angekubali, tena kwa furaha.

Jioni alirudi nyumba ya nyuma kumhudumia Mama. Kiharusi kilikuwa kimemchukua Mama nusu ya mwili, ile ya kulia, kikamnyang'anya na maneno karibu yote. Neno moja lilimgharimu jasho. Alishinda kwenye kiti alichoundiwa na mumewe, kipana, chenye mikono mirefu, karibu na dirisha la sebule. Masikio yake yalikuwa mazima na akili yake nzima, lakini watu husahau. Mtu akinyamaza sana, wenzake huanza kumhesabu miongoni mwa vyombo vya nyumba.

Kuna jambo la meza ya nyumba ile ambalo lazima lielezwe, kwani bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Pale mkate haukukatwa ovyo. Aliyeshika kisu alichagua mwisho. Watoto watatu wa Fundi waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kufunga vifungo. Dada ndiye aliyekata, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa kisu. Kitindamimba alichagua kwanza, kaka yao wa kati akafuata, na kipande kilichobaki, kiwe kinono kiwe chembamba, kilikuwa cha mkataji. Haikuchukua muda Dada akawa hodari wa kukata vipande ambavyo hata malaika asingevitofautisha. Baba yao alicheka akisema kwamba choyo, ukikitia adabu, ndicho kinachozaa haki.

Ndiyo maana kila alipohimizwa aandike wosia, Fundi aligeuza maneno kuwa mzaha. Anayeandika wosia, alisema, ni kama abiria anayesimama mlangoni kabla gari halijafika. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo, aliongeza kwamba wanawe hawahitaji karatasi. Wana kisu, na wanajua namna ya kukitumia. Wazee wenzake walitikisa vichwa, na yeye akaendelea kupiga misumari yake.

Msiba ulipotulia, mdogo wa marehemu, ambaye watoto walimwita Baba Mdogo, aliwakusanya sebuleni. Alikuwa mstaafu wa reli, na tangu astaafu hakuwa amepata kitu cha kusimamia, hata aliposhika uenyekiti wa kikao kile alinyoosha mgongo kama anayesubiri treni ipite. Aliuliza kama marehemu aliacha maandishi yoyote. Walikuwa wamekwisha pekua kila droo na hawakupata ila vipande vya sampuli za vitambaa. Baba Mdogo akaguna kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akashauri waende mahakamani mapema, mambo yaamuliwe kisheria.

Kaka wa kati hakulipenda wazo hilo. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba na viwanja, na jina la kazi lilikuwa limemeza jina lake la kuzaliwa. Hata mkewe alimwita Dalali. Alisema mahakama ni mdomo, ukiulisha leo kesho unataka tena. Kitinda, yule mdogo, mwalimu wa watoto wadogo na mama wa wanne, alisema wanaopelekana mahakamani ni watu wasiojuana. Ndipo Dalali akacheka kidogo, akafanya kama anayekata kitu hewani.

"Si tuna sheria yetu?" alisema. "Dada akate. Sisi tuchague."

Kitinda alilengwa na machozi, maana alimwona baba yake waziwazi katika maneno yale. Baba Mdogo, aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula, alikubali. Dada akapewa juma moja. Kilichokuwapo ni vitu vitatu: nyumba ile, karakana iliyokuwa mbele ya barabara kuu, na kiwanja nje ya mji ambacho kiliambatanishwa na gari bovu la mizigo. Vitu vitatu na watoto watatu. Ilionekana kama marehemu mwenyewe ameshawakatia. Hakuna aliyegeuka kwenye kiti cha dirishani kumuuliza Mama.

Dada aliufikiri mgawanyo ule karakanani, huku akimalizia lile kochi la nusu. Hakutaka nyumba wala kiwanja. Alitaka karakana, na aliitaka kwa namna iliyomtia hofu, kama mtu anayetaka hewa. Lakini alimjua ndugu yake. Barabara ilikuwa ipanuliwe, na mara mbili alikuwa amemwona Dalali amesimama ng'ambo pamoja na mtu mwenye viatu vinavyong'aa, wakiitazama karakana kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Wangejenga kituo cha mafuta. Zile mbao, zile meza, cherehani ya baba yake, vyote vingetupwa nje kabla vumbi la msiba halijafutika.

Kitinda angechagua nyumba; hilo halikuhitaji mpiga ramli, kwani alikuwa amechoka kuhama na watoto wanne kutoka chumba cha kupanga hadi kingine. Wa pili kuchagua angekuwa Dalali, na mbele yake kungekuwa na karakana na kiwanja. Angechukua karakana. Dada aligeuza hesabu hiyo huku na huku, akaikuta haigeuki.

Hapo ndipo alipoikumbuka hila yake ya utotoni. Mkate ulipoungua upande mmoja, kipande alichokitamani alikiachia lile ganda jeusi. Wadogo zake walikunja nyuso wakachukua vipande vyeupe, naye akakwangua weusi wake taratibu, akala. Baba yake hakuwahi kuigundua hila ile, au aliigundua akanyamaza. Dada aliweka nyundo chini. Katika maisha ya ndugu zake kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho wote wawili wangekikimbia.

Mke wa Dalali na Mama hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Tangu ugomvi wao wa zamani, wifi yule hakukanyaga kizingiti. Naye Dalali alikuwa mwana wa kuja na matunda, akakaa robo ya kikombe cha chai huku akitazama simu. Ukimfunga Mama kwenye karakana, Dalali ataikimbia karakana. Tena si kwamba Dada alikuwa akitupa mzigo kwa mtu mwingine. Mama alikuwa wake. Angemuogesha kesho kama alivyomuogesha jana. Alikuwa akisema tu kwa mdomo kile ambacho mikono yake ilikwisha kusema miaka mingi. Hakukuwa na uongo hata mmoja katika jambo lile, na ndiyo maana lilimpita kooni kirahisi.

Siku ya kikao ilikuwa Jumapili mchana. Wote walikaa sebuleni, Mama kwenye kiti chake, uso wake umeelekea dirishani. Dada alisimama. Alisema fungu la kwanza ni nyumba hii. La pili ni kiwanja pamoja na gari.

"La tatu ni karakana na vyote vilivyomo. Na atakayelichukua hilo, anamchukua na Mama. Ampe chumba, amuuguze mpaka mwisho."

Baba Mdogo alipiga paja lake kwa kofi la kuridhika. Alisema huo ndio utu, kwamba wengine wanagawana masufuria wakamsahau mzazi, lakini mtoto wa kaka yake amemkumbuka mama. Dada aliinama. Sifa ile ilimwasha shingoni kama pamba mbichi.

Kitinda alichagua nyumba kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa kwenye mkeka. Sasa ilibaki zamu ya Dalali. Alisimama, akavuka sebule, akachuchumaa mbele ya kiti cha dirishani, akaushika mkono wa Mama. Aliushika ule wa kulia, usiohisi.

"Mimi nachukua karakana," alisema. "Nachukua na mama yangu."

Kitinda alianza kulia. Baba Mdogo naye alitoa kitambaa, akapenga kamasi kwa mshindo, akasema leo kaka yake amelala vizuri kaburini. Dalali akavishwa kilemba cha ukoka pale pale, na akakivaa bila kukirekebisha. Dada ndiye pekee aliyebaki amesimama. Alisikia mdomo wake ukisema kwamba Dalali hatamweza Mama, hajui hata dawa zake.

"Kwani nani aliyekata, Dada?" ndugu yake aliuliza kwa upole.

Watu walicheka kicheko kile kidogo cha nyumbani, cha mzaha uliozoeleka mezani. Dada kulikataa fungu lile lisichaguliwe kungekuwa kuwaambia wote kwamba halikukusudiwa kuchaguliwa.

Alimfuata Dalali hadi nje, alipokuwa akifungua mlango wa gari lake. Alimwomba wabadilishane. Alimwambia achukue chochote, hata hicho kiwanja akiuze leo, amwachie Mama. Dalali alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na uso wa biashara.

"Ungekuwa unamtaka Mama," alisema, "ungemweka fungu la peke yake. Ulimfunga kwenye karakana ili mimi niogope."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nimekaa nikapima." Aliingia garini, akashusha kioo. "Mama si mzito kuliko barabara."

Dada alimchukia kwa maneno yale. Alimchukia njia nzima ya kurudi ndani, na alipofika kwenye kiti cha dirishani na kuanza kumfuta Mama mate yaliyomtoka pembeni mwa mdomo, chuki ile ikakosa mahali pa kukaa. Yeye na ndugu yake walikuwa wamepima kwa mizani moja. Tofauti yao ilikuwa kwamba mwenzake alijua bei ya barabara.

Maji yakimwagika hayazoleki, na Dada alianza kukusanya zana zake. Lakini hati za mali zilikuwa bado na jina la marehemu, na kuzibadilisha kulihitaji mahakama waliyoikimbia. Basi asubuhi moja walijikuta watatu kwenye benchi la mbao, wakasubiri hadi miguu ikafa ganzi, kisha wakaitwa mbele ya karani mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Karani aliwauliza maswali bila kuinua macho. Marehemu aliacha wosia? Hakuacha. Aliacha watoto wangapi? Watatu. Aliacha mjane? Ndiyo, yupo hai.

"Mjane amepata nini?"

"Yuko kwangu," Dalali alijibu. "Fungu langu ndilo lenye Mama."

Sasa karani aliinua macho.

"Nimeuliza amepata nini. Sikuuliza nani amempata."

Hakuwa amesema kwa ukali. Pengine angesahau maneno hayo kabla ya chakula cha mchana. Aliwaeleza, kama anayesoma tangazo ukutani kwa mara ya elfu, kwamba mtu akifa bila wosia warithi ni mjane na watoto, na mjane ndiye wa mbele. Nyumba aliyoishi na mumewe hakuna wa kumtoa. Mgawanyo wao ni mazungumzo tu ya ndugu. Hauna nguvu mpaka mama mwenyewe asimame mbele ya hakimu na kusema kwa hiari yake kwamba anaukubali na anaiacha haki yake. Asipokubali, wote wanarudi mwanzo. Kisha akaita watu wengine.

Watoto watatu wa Fundi walitoka nje. Kitinda alisema, kama anayejisemea, kwamba haikumjia akilini kabisa kuwa Mama ni mrithi. Dada alikuwa akihisi furaha, furaha ya mtu aliyeona mlango ukifunguka nyuma ya kabati. Mama atakataa. Lazima akatae. Kisu kitarudi mezani, na safari hii hatakata vile.

Siku zilizofuata Mama alipata wageni ambao hakuwahi kuwapata tangu augue. Kitinda alikuja na watoto wote wanne, wameoga, wamefundishwa kumbusu bibi yao mkono. Alikuwa ameshaota mapazia ya nyumba ile na sasa aliona ndoto ikimponyoka mkononi. Dalali alileta mtandio mzito wa sufu. Hata wifi alikanyaga kizingiti, akakaa kwenye ncha ya kiti, akamwita Mama kwa sauti tamu, akaondoka na harufu ya manukato ikabaki hadi jioni. Mama aliwatazama wote kwa macho yake makavu. Aliuacha mtandio mapajani bila kuugusa.

Asubuhi ya kwenda kwa hakimu, Dada alimuogesha Mama mapema, akamkausha vidole kimoja kimoja, akamvisha gauni la kijivu. Alikuwa amejipanga kulisema jambo lile kwa hekima, lakini alipopiga magoti kumvisha viatu maneno yalimtoka ovyo.

"Mama, leo ukiulizwa kama unakubali, kataa. Tikisa kichwa tu. Ukikataa utabaki hapa hapa nyumbani kwako, na mimi nitabaki nawe. Kila kitu kitarudi kilivyokuwa."

Mama alimtazama kutoka juu. Mdomo wake ulianza kuhangaika, upande mmoja ukivuta na mwingine ukigoma, na mshipa ukamtokeza shingoni. Dada alingoja. Alikuwa amezoea kungoja.

"Ni-li-sikia," Mama alisema.

Ilikuwa hivyo tu. Dada alibaki ameshika kiatu. Alitaka kuuliza umesikia nini, ingawa alijua. Sebule ilikuwa moja, kiti kilikuwa pale pale, na yeye alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika ili Dalali asikose hata neno. Alitaka kueleza kuhusu hila, kwamba lile lilikuwa ganda tu la kuwatisha wengine, kwamba alimweka pale kwa sababu alimtaka. Aliisikia hoja hiyo kichwani mwake na akaiacha. Hakuna mama anayefurahi kuambiwa alitumiwa kama ganda lililoungua. Alimvisha kiatu cha pili, akafunga kamba, akaona aibu kama mtu aliyekutwa uchi barabarani.

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo na feni yake ilikwaruza. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Aliwaamuru watoto wasimame ukutani, akakivuta kiti chake hadi karibu na Mama, magoti yao yakakaribia kugusana. Alizungumza polepole, bila kupaza sauti kama wafanyavyo wengi mbele ya mgonjwa.

Alimwambia kwamba mumewe hakuacha wosia, na kwa hiyo yeye ndiye mrithi wa mbele. Akitaka nyumba yake, ni yake ya kuishi, na hakuna mtoto wa kumhamisha. Wanawe wamegawana wenyewe, na katika mgawanyo wao yeye hana kitu chochote, ila anakwenda kuishi kwa mwanawe wa kiume. Anaelewa? Mama aliinamisha kichwa. Kuna aliyemtisha? Mama akatikisa kichwa. Anaukubali mgawanyo huu?

Mama aligeuza shingo kwa taabu, akawatazama wanawe ukutani. Kitinda alikuwa akitazama sakafu. Dalali alikuwa na tabasamu lililoganda. Dada alitikisa kichwa kidogo sana, kataa Mama, kataa, na macho ya Mama yakakaa kwake zaidi kuliko yalivyokaa kwa wengine. Hakukuwa na hasira ndani yake. Dada angeijua hasira ya Mama, angeishukuru hata. Kilichokuwamo humo hakukijua, na mtu aliyemlisha na kumgeuza kitandani miaka yote hiyo aliona kwamba kuna mahali kwa Mama ambapo hakuwahi kufika.

Kisha Mama alinyoosha mkono wa kushoto, akatia dole gumba kwenye wino bila kushikwa, akangoja aonyeshwe pa kuliweka.

Hakimu hakumwonyesha. Alifunika kalamu yake, akamwambia atafakari tena. Haki hii akiiacha leo hatairudia. Ataishi kwa huruma ya mtoto, na huruma ya mtoto haiandikwi popote. Mwisho akauliza jambo ambalo pengine halikuwa kazi yake kuuliza: kwa nini?

Mama alipigana na mdomo wake kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na feni ikaendelea kukwaruza. Hakuna aliyethubutu kumsaidia neno, kwa kuwa hakuna aliyelijua.

"Wa-me-sha-kata," alisema.

Hakimu alimtazama, akawatazama watatu wale ukutani, na hakuna aliyemfafanulia. Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja. Hatimaye hakimu akasogeza karatasi, na Mama akaliweka dole lake pale, kwa nguvu, kama anayebonyeza kitu kisiinuke tena.

Nje jua lilikuwa kali. Kitinda aliaga haraka, amevimba macho, akisema watoto wako peke yao. Dalali alileta gari hadi chini ya ngazi, akafungua mlango, akaja kumchukua Mama. Alimshika chini ya mkono wa kulia na kumvuta juu. Uso wa Mama ulikunjamana kwa taabu, goti likakataa, na wote wawili wakayumba.

Dada alikuwa amekwisha ruka ngazi mbili alipouona mkono wa kushoto wa Mama ukiinuka, kiganja kimemwelekea, kidole kikiwa bado na wino. Haukuinuka kwa ukali. Uliinuka tu, ukabaki pale, na Dada akasimama alipokuwa.

Dalali alihema, shati limemlowa. Alimgeukia dada yake, na usoni mwake hamkuwa na barabara wala kituo cha mafuta. Kulikuwa na hofu ya mtu aliyebeba kitu asichojua kinashikwa wapi.

"Pita upande wa kushoto," Dada alimwambia. "Usimvute. Mwache akuegemee yeye. Subiri mguu wake ufike chini, ndipo usogee."

Dalali alipita upande wa kushoto. Alisubiri mguu ukafika, akasogea, akasubiri tena. Ngazi zile chache ziliwachukua muda hata gari la nyuma likapiga honi, na hakuna aliyegeuka. Mama alipoingizwa ndani alikaa ameangalia mbele. Dalali alifunga mlango taratibu, akazunguka, akaingia, na gari likaondoka.

Dada alibaki ngazini. Watu walimpita wakishuka na wakipanda, mmoja akamwomba radhi kwa kumgonga bega. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba chai ya Mama iwe vuguvugu, na kijiko kiwe kile kidogo, na asilazwe upande wa kulia hata akiomba, kwa sababu hausikii, utaumia naye asijue.